Boti nane, taa mbili na kipimo kisicho chake

Swali lenyewe lilianzia mwaloni, pale boti za ziwani zinapotia nanga na kushusha samaki: boti ya dagaa ikivua kwa taa za sola, inapata ndoo nyingi kuliko ikivua kwa karabai? Kila tajiri wa boti kuanzia Igombe hadi Ukerewe ana jibu lake, na kila nahodha ana la kwake, mara nyingi tofauti na la tajiri. Kijana mmoja wa shahada ya uzamili akaamua kulipima. Alipima vizuri kuliko wengi ninaowaona. Shida ilimkuta alipokaa mbele ya kompyuta na kujiuliza atumie kipimo gani cha takwimu.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinajirudia kila msimu wa tasnifu. Leo ni dagaa, kesho ni presha ya wagonjwa kabla na baada ya dawa, keshokutwa ni mpunga wa Magu uliowekwa mbolea upande mmoja wa jaruba. Namba zilizomo humu nimezitengeneza kwa ajili ya somo, nyepesi, ili msomaji azifuate kwa kalamu na karatasi. Mtu asizichukue kwenda kununulia taa.

Alichokusanya

Mwenye kujua uvuvi wa dagaa aruke aya hii. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa inakosa nguvu, na boti nyingi hupaki mpaka giza lirudi. Ndiyo maana mwaloni watu hawahesabu mwezi wa kalenda, wanahesabu giza: "nitakulipa giza lijalo", "giza hili halikuwa na kitu". Asubuhi boti zinarudi, dagaa wanashushwa na kuhesabiwa kwa ndoo za lita 20, na karani anaandika kwenye daftari.

Kijana alichukua boti 8 za mwalo mmoja kwa giza moja. Kila boti ilipangiwa safari 8 kwa karabai na safari 8 kwa taa za sola. Boti nne zilianza na karabai kisha zikabadilisha katikati ya giza, nne zilianza na sola. Ipi ianze na ipi liliamuliwa kwa kura, vikaratasi ndani ya kofia, mbele ya manahodha wenyewe. Hilo la kura lilinifurahisha. Angewaacha wachague, wale wenye boti kubwa wangekimbilia sola kwanza, na hapo athari ya taa ingechanganyika na ya wakati wa giza, ngumu kuitenganisha baadaye.

Jumla safari 128: 64 za karabai na 64 za sola. Akaziingiza kwenye kompyuta kwa safu mbili, safu moja aina ya taa, nyingine idadi ya ndoo. Jina la boti hakuliingiza. "Nililiona halihitajiki," alisema.

Mchoro wa mishale

Chuoni alipewa karatasi ambayo wengi wenu mmeiona: mchoro wenye mishale unaoanza na swali "Je, data ni za mgawanyo wa kawaida?", yaani wenye umbo la kengele. Ndiyo, nenda kushoto, tumia kipimo cha t, kinacholinganisha wastani. Hapana, nenda kulia, tumia Mann-Whitney, kinacholinganisha makundi mawili kwa nafasi za namba zikipangwa kwa ukubwa. Akafuata. Kipimo cha t cha makundi mawili huru kikampa thamani ya p (nafasi ya kuona tofauti kubwa kama hii au zaidi hata kama taa hazitofautiani) ya karibu 0.1. Akaonyesha kwa mtu anayemzidi uzoefu, akaambiwa data zake zimeegemea upande mmoja, zina mkia mrefu kulia, kwa hiyo kipimo cha t hakifai. Akapima umbo kwa kipimo cha Shapiro-Wilk, kile cha mwaka 1965, nacho kikasema kwa sauti kubwa kwamba umbo la kengele halipo. Akahamia Mann-Whitney. Jibu likabaki lilelile: hakuna tofauti ya kuonekana.

Alipokuja kwangu alikuwa na maswali mawili. La kwanza, kuna kipimo kingine cha kujaribu? La pili, akirudi ziwani giza lijalo akaongeza safari, p itashuka chini ya 0.05, mpaka uliozoeleka wa kusema tofauti ipo?

Mchoro ule haukosei hesabu. Unakosea pa kuanzia. Swali la umbo la data ni la tatu au la nne kwa umuhimu, lakini limewekwa mlangoni, na mtu akishapita mlango huo hakumbuki tena kuuliza yaliyo makubwa zaidi: namba hizi zilipatikanaje, ipi ni mwenzake ipi, na kitu kimoja ninachokihesabu ni kipi hasa.

Kwanza daftari

Kabla ya kipimo chochote nilimwomba daftari la karani, lenyewe, si lile la kwenye kompyuta. Lilikuwa daftari la kawaida la kurasa 96, lina harufu ya dagaa, kurasa zimejikunja pembeni kwa maji. Boti zimeandikwa kushoto, safari zimepangwa kwa safu. Kwenye mstari wa boti ya nne kulikuwa na hivi: 5, 3, 0, 8, kistari, kistari, 4, 4.

Nikamuuliza sifuri na kistari vinatofautianaje. Hakujua. Tukampigia karani simu. Jibu lake lilikuwa fupi na halikuwa na subira: "Sifuri wameenda wamerudi bure. Kistari hawakwenda, upepo."

Kwenye kompyuta vyote viwili vilikuwa vimeingizwa kama 0. Usiku ambao boti haikutoka hausemi lolote kuhusu taa, maana taa haikuwashwa. Usiku ambao boti imetoka ikarudi mikono mitupu unasema mengi. Kuvichanganya ni kuishitaki taa kwa kosa la upepo. Tukavitoa vistari, sifuri za kweli tukaziacha, na tukamrudishia kila boti jina lake kwenye safu ya tatu.

Kazi hii ilichukua muda mrefu kuliko hesabu zote zilizofuata, na ndivyo inavyokuwa karibu kila mara.

Ipi ni mwenzake ipi

Kisha nikamwonyesha mistari miwili kwenye skrini. Boti ya tano, karabai, ndoo 20. Boti ya nne, sola, ndoo 4 na nusu.

"Ukilinganisha hizi mbili, unalinganisha taa?"

"Hapana, mwalimu. Hapo nalinganisha boti. Ile ya tano ni kubwa, ina wavu mkubwa, na mzee anayeiongoza anayajua maji."

"Na kompyuta yako imelinganisha nini?"

Hakujibu, akacheka tu, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kuelewa. Kipimo cha makundi mawili huru huchukulia kwamba waliovua kwa karabai na waliovua kwa sola ni watu wawili wasiojuana. Hapa ni boti zilezile. Boti moja hadi nyingine zinapishana kutoka ndoo 4 hadi 20, na upishano huo wote, ambao hauhusiani na taa, unaingizwa kwenye hesabu kama kelele. Tofauti ya ndoo moja au mbili inayoletwa na taa haiwezi kusikika ndani ya kelele hizo. Lakini ukiilinganisha kila boti na nafsi yake, ukubwa wa boti unajifuta wenyewe.

Tukachukua wastani wa ndoo kwa safari, kwa kila boti na kila taa:

| Boti | Karabai | Sola | Tofauti |
|---|---|---|---|
| 1 | 5 | 6 | +1 |
| 2 | 8 | 10 | +2 |
| 3 | 12 | 15 | +3 |
| 4 | 4 | 4.5 | +0.5 |
| 5 | 20 | 24 | +4 |
| 6 | 9 | 7.5 | −1.5 |
| 7 | 15 | 17.5 | +2.5 |
| 8 | 7 | 10.5 | +3.5 |

Wastani wa karabai ni ndoo 10, wa sola ni 11.875. Tofauti ni 1.875, na haibadiliki kwa kipimo chochote utakachochagua. Kinachobadilika ni kosa sanifu, yaani tunaitilia shaka kiasi gani hiyo 1.875.

Ukizichukua safu mbili kama makundi huru, kosa sanifu ni ndoo 3.0, t (tofauti ikigawanywa kwa kosa sanifu) ni 0.62, na p ni 0.54. Hakuna kitu. Mann-Whitney kwenye namba hizohizo inatoa p ya karibu 0.6. Hakuna kitu pia. Ukichukua safu ya tofauti peke yake, zile namba nane za mwisho, mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake) ni 1.81, kosa sanifu ni 0.64, t ni 2.93 kwa digrii 7 za uhuru (idadi ya namba ukitoa wastani uliokadiriwa), na p ni karibu 0.02.

Data ni zilezile, tofauti ni ileile. Kutoka 0.54 hadi 0.02 kumeletwa na kukumbuka kwamba boti ina jina.

Jambo hili lina umri sawa na kipimo chenyewe. William Sealy Gosset, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alichapisha kipimo chake mwaka 1908 kwa jina la Student, na mfano wake mmojawapo ulikuwa wa jozi: wagonjwa 10, dawa mbili za usingizi, kila mgonjwa amejaribu zote mbili, na saa za usingizi zilizoongezeka zikaandikwa. Data hizo zimo hadi leo ndani ya programu ya takwimu ya R kwa jina la sleep, na mtu yeyote anaweza kuzifungua. Ukizipima kama makundi huru unapata p ya 0.079. Ukizipima kama jozi unapata 0.003. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado kuna wanafunzi wanaozifungua na kuzipima kama makundi huru.

Umbo linalohusika

Sasa ndipo lile swali la umbo linapata nafasi yake. Shapiro-Wilk ya kijana ililia kwa sababu aliipa rundo la boti kubwa na ndogo zilizochanganywa. Rundo hilo haliwezi kuwa na umbo la kengele, wala halihitaji kuwa nalo. Kipimo cha t cha jozi hakijali umbo la karabai wala la sola. Kinajali umbo la tofauti. Zipange: −1.5, 0.5, 1, 2, 2.5, 3, 3.5, 4. Hakuna mkia wa kutisha, hakuna namba iliyojitenga maili nyingi na wenzake. Kwa namba nane, jicho na nukta zilizochorwa kwenye mstari vinatosha. Kipimo cha umbo chenyewe kikipewa namba nane kina nguvu ndogo ya kugundua kasoro.

Mwenye wasiwasi anayo njia ya Frank Wilcoxon, mkemia wa Marekani aliyeitoa mwaka 1945, nayo inafanyika kwa kalamu. Sahau alama za kuongeza na kutoa, zipange tofauti kwa ukubwa: 0.5 nafasi ya 1, 1 nafasi ya 2, 1.5 nafasi ya 3, endelea hadi 4 nafasi ya 8. Sasa rudisha alama. Hasi ni moja tu, na imeshika nafasi ya 3. Kwa hiyo jumla ya nafasi hasi ni 3.

Kama taa hazitofautiani, kila tofauti ingeweza kuwa chanya au hasi kwa bahati sawa, kama shilingi iliyorushwa. Boti nane, njia 256. Ni njia ngapi zinazotoa jumla ya hasi isiyozidi 3? Kusiwe na hasi hata moja. Hasi iwe nafasi ya 1 peke yake. Ya 2 peke yake. Ya 3 peke yake. Au ya 1 na ya 2 pamoja. Njia 5. Na njia 5 nyingine za upande wa pili, ambako karabai ndiyo ingeshinda. Kumi kwa 256 ni 0.039.

Nilimfanya aihesabu hii kwa mkono makusudi. Mtu akishaziona zile njia tano kwenye karatasi, p haiwi tena namba inayotapikwa na kompyuta.

Ipo hata njia ya kivivu zaidi, kipimo cha alama, kinachotazama tu kwamba boti 7 kati ya 8 zimepanda. Kinatoa 0.07. Kimetupa ukubwa wa tofauti, kwa hiyo kimepoteza nguvu.

Safari si boti

Akauliza swali zuri: "Mwalimu, nilikuwa na safari 128. Sasa nimebaki na namba nane. Si nimetupa jasho langu?"

Hajatupa. Safari nyingi zimeufanya wastani wa kila boti uwe imara. Ila safari nane za boti moja hazilingani na boti nane. Ni boti ileile, wavu uleule, nahodha yuleyule mwenye siri zilezile za wapi pa kutega. Ukizihesabu kama mashahidi nane umemwita shahidi mmoja mara nane. Stuart Hurlbert aliliandika hili mwaka 1984 kwa wanaikolojia, akaonyesha jinsi tafiti nyingi zilivyokuwa zikihesabu marudio yasiyo marudio.

Na hapa kisa chetu kina kona ya kuchekesha kidogo. Uchambuzi wa kwanza wa kijana ulikuwa na makosa mawili yanayovutana. Kusahau jozi kuliificha tofauti. Kuhesabu safari kama boti kulimpa digrii 126 za uhuru ambazo si zake, na kukaikuza imani. Ile p ya 0.1 ilikuwa mahali makosa mawili yalipokutana. Angeongeza safari giza lijalo, boti zikiwa zilezile nane, p ingeshuka kweli, angesherehekea, na angekuwa amepata jibu sahihi kwa njia ambayo siku nyingine ingempa jibu la uongo. Cha kuongeza kilikuwa boti.

Mfano mkubwa wa kuheshimu kipimo cha kuhesabia uko hapahapa Mwanza. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliouliza kama kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vijijini kunapunguza maambukizi mapya ya VVU. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya watu wazima 12,000. Lakini tiba haikugawiwa kwa mtu mmoja mmoja, iligawiwa kwa jamii nzima: jamii 12, zilizopangwa jozi 6 zinazofanana, kila jozi moja ikapata huduma iliyoboreshwa na nyingine ikasubiri. Kwa hiyo watafiti hawakujidai kuwa na mashahidi 12,000. Walilinganisha ndani ya jozi sita. Maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40, na jozi zote sita zilielekea upande mmoja. Rusha shilingi mara sita uone zote zikiangukia upande uleule, wowote: nafasi yake ni 2 kwa 64, kama 0.03. Jozi sita, zikipangwa vizuri, ziliweza kusema jambo zito.

Mwenye programu nzuri na muda wa kujifunza anaweza kutumia modeli mchanganyiko, ambamo safari zote zinabaki na boti inaingizwa kama chanzo cha upishano. Ni njia safi, hasa kwa kuwa upepo uliziacha boti na idadi tofauti za safari. Kwa data zinazokaribia kulingana kama hizi, jibu lake halitakuwa mbali na la wastani wa boti. Nilimshauri aanze na lile analoweza kulieleza mbele ya wasahihishaji bila kutokwa jasho.

Boti namba sita

Boti zote zimepanda isipokuwa ya sita. Kijana akaleta habari: nahodha wake alisema kipindi cha taa za sola wavu ulichanika, wakavua kwa kuungaunga. Tuitoe?

Ukiitoa, zinabaki saba, zote chanya, na Wilcoxon inatoa 2 kwa 128, yaani 0.016. Inavutia. Nikamuuliza kama amewapigia manahodha wale saba wengine kuwauliza nyavu zao zilikuwaje kipindi cha karabai. Hakuwapigia. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwauliza, kwa vile matokeo yao yalipendeza. Hapo ndipo ubaya ulipo: maelezo yanatafutwa kwa yule tu aliyeharibu picha. Kama kanuni ya kutoa boti yenye wavu mbovu ingeandikwa kabla ya giza kuanza, na ikakaguliwa kwa boti zote, sawa. Haikuandikwa. Boti ya sita ikabaki, na habari ya wavu ikaandikwa kwa sentensi moja.

Ndoo au asilimia

Tazama tena jedwali. Boti ndogo ya ndoo 4 imeongeza nusu ndoo. Boti kubwa ya ndoo 20 imeongeza ndoo 4. Ongezeko linafuata ukubwa. Ukigawanya sola kwa karabai unapata 1.2, 1.25, 1.25, 1.125, 1.2, 0.83, 1.17, 1.5. Namba hizi zinakaribiana kuliko zile tofauti, na kwa akili yangu zinasema ukweli wa mambo vizuri zaidi: taa haimwagi ndoo mbili kwa kila boti, inaongeza sehemu ya kile ambacho boti tayari inaweza kupata.

Uwiano hupimwa kupitia logi (logarithmi). Unachukua logi ya kila uwiano, unafanya kipimo cha t cha jozi kama kawaida, kisha unarudisha jibu kwenye uwiano. Inatoka 1.18, yaani ongezeko la asilimia 18 hivi, na upeo wa imani wa asilimia 95, yaani masafa ya majibu yanayoendana na data, unaanzia asilimia 3 hadi 35. Thamani ya p ni karibu 0.03.

Sasa tuna p nne: 0.02, 0.03, 0.04 na 0.07, zote kutoka kwenye vipimo vinavyoheshimu jozi. Ipi iandikwe? Si iliyo ndogo kuliko zote. Kuchagua kipimo baada ya kuona p zote ni kufanya biashara ya mnada na data zako mwenyewe. Nilimshauri achukue ya logi kwa sababu inalingana na jinsi uvuvi unavyofanya kazi, na sababu hiyo ingekuwa ileile hata kama p yake ingekuwa kubwa kuliko zote. Wilcoxon iwekwe pembeni kama uhakiki.

Tajiri mmoja aliyekuwa akifuatilia utafiti huu hakuvutiwa na p hata moja. "We kijana, niambie inarudisha hela ya taa?" Swali lake lilikuwa bora kuliko letu. Linalomjibu ni upeo. Kwa ndoo, ongezeko la wastani kwa safari linaweza kuwa dogo kama theluthi moja ya ndoo, au kubwa kufikia ndoo tatu na zaidi kidogo. Theluthi ya ndoo kwa safari, ukitoa gawio la wavuvi, ni hesabu moja. Ndoo tatu ni hesabu nyingine kabisa. Na mafuta ya taa yaliyookolewa hayamo ndani ya ndoo hata moja. Hayo anayajumlisha mwenyewe, na huenda ndiyo yatakayoamua.

Yaliyobaki

Alikuwa na swali la pili kwenye tasnifu: je, taa za sola zinaleta sangara wachanga wavuni mara nyingi zaidi? Aliliandika kama ndiyo au hapana kwa kila boti, na alikuwa tayari kukimbilia kai-mraba, kipimo cha idadi kwa makundi huru. Jozi zipo palepale, kwa hiyo kipimo chake ni cha McNemar, kinachotazama tu boti zilizobadilika kati ya taa moja na nyingine. Kwa boti nane kitasema machache mno, na nilimwambia aripoti idadi zenyewe bila kupima. Na kama angekuwa na taa tatu, kipimo cha nafasi ndani ya kila boti kingekuwa kile cha Friedman cha mwaka 1937, ambaye ni yuleyule Milton Friedman mchumi, aliyekuja kupata Nobel mwaka 1976 kwa mambo mengine kabisa.

Sentensi ya matokeo aliyoiandika mwishowe ilisomeka hivi: "Boti 8 zilipolinganishwa kila moja na yenyewe ndani ya giza moja, taa za sola ziliongeza wastani wa ndoo kwa safari kwa asilimia 18 (upeo wa imani wa asilimia 95: 3 hadi 35), boti 7 ziliongezeka na 1 ilipungua." Chini yake akaweka jedwali lote la boti nane. Msimamizi alimtaka aongeze kwamba ni mwalo mmoja na giza moja, na kwamba nusu ya kwanza ya giza si sawa na nusu ya pili kwa mwanga wa mwezi. Kura ilihakikisha tu kwamba tofauti hiyo haikuegemea taa moja. Haikuiondoa kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya upeo kuwa mpana. Nami nikamtaka aongeze lile la vistari na sifuri kwenye sura ya mbinu, na ukurasa wa daftari la karani kama kiambatisho.